Barua Yangu kwa Waeskimo wa Chumba cha Baridi

Juzi Jumamosi nilikuwa Newtown, hapa Joburg, napekua mitumba, kama kawaida yangu, mkono ukagusa jaketi zito la buluu lenye kofia ya manyoya. Sikuhitaji kulitazama mara mbili. Nililinusa tu. Samaki, plastiki iliyoganda, jasho la zamani, na ile harufu ya baridi yenyewe, maana baridi ina harufu, msinibishie. Nikasimama pale katikati ya njia na jaketi la watu puani. Yule dada mwenye meza akaniuliza kama nanunua au nalia. Nikamwambia bado sijaamua.

Jaketi kama lile ndilo alilolivaa baba yangu utoto wangu wote wa Joubert Park. Alikuwa mpakiaji katika ghala moja la samaki upande wa kusini wa mji, ndani ya chumba cha baridi ambako, alivyokuwa akisema, ukitema mate yanafika chini yamekuwa jiwe. Sasa mfikirieni mtu huyo mwezi wa Januari, jua la Joburg linachoma lami, lifti yetu imekufa tangu kabla hatujahamia, naye anashuka ngazi za ghorofa tisa na jaketi la manyoya begani. Vijana wa pale kona walikuwa wakimpigia kelele, wakimwita mjomba kwa Kizulu, "Eish, malume, theluji iko wapi?" Na yeye hakukasirika hata siku moja. Aliwajibu, "Nafuata yangu, nyie subirini yenu."

Mimi nilikuwa na miaka minane, na Kiingereza changu kilikuwa bado cha kubahatisha. Mama akaninunulia kitabu kwenye lami karibu na Park Station, kitabu kisicho na jalada, ili nijizoeze. Kilikuwa kinahusu watu wa nchi za barafu. Ukurasa wa tatu kulikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya manyoya, macho yamefinyana kwa kicheko, ameshika samaki mkubwa kwa mkia. Nilikuwa bado naitazama mlango ulipofunguliwa, baba akaingia. Kofia ya manyoya. Kicheko. Na mkononi mfuko wa plastiki wenye makareli watatu wa barafu. Jamani, mngekuwa nyinyi mngefikiri nini?

"Baba," nikamwambia, "kumbe wewe unafanya kazi na Waeskimo?"

Baba akamtazama mama, akanitazama mimi, akaweka samaki mezani polepole. Huyo mzee hajawahi kuuacha mzaha upite bila kuudaka. "Nani amekuambia?" akanong'ona. "Hiyo ni siri ya kazi."

Siku hizi najua kwamba wengi wa watu hao hujiita Inuit, na kwamba jina Eskimo liliwaudhi wengi wao. Lakini kitabu changu kilikuwa kizee, ndilo jina kililonipa, na kumbukumbu haikubali kufuliwa. Watanisamehe.

Tangu siku ile kila jioni nilidai habari zao, na kila jioni baba alizileta. Leo wamekusalimia. Leo mzee wao amepiga chafya, barafu ikaangukia mguu wa mkubwa wa kazi. Leo wameuliza kama ugali unaliwa na nyangumi. Na mimi nilikuwa namlipa kwa yale niliyoyasoma. Nilimweleza kwamba mwindaji akirudi na mnyama, nyama haiwi yake peke yake, kila nyumba ina kipande chake kinachojulikana. Baba akasema, "Basi hao ni watu wa kwetu," akanyoosha kidole kwenye pazia, maana fleti yetu ilikuwa ya vyumba viwili na familia tatu, na hakuna makareli aliyewahi kuingia pale akaliwa na familia moja.

Kilichonikaa zaidi ni habari ya sili. Kitabu kilisema wakimuua sili, kabla ya kumkata wanamtilia maji matamu mdomoni, kwa kuwa mnyama wa bahari ya chumvi ana kiu daima, na roho yake itarudi kuwaambia wenzake kwamba nyumba ile ina adabu. Nikaona sisi tumekuwa tukiishi kishenzi. Jioni ile mama akanikuta kwenye sinki, nimempanua makareli mdomo kwa kijiko, namnywesha maji kwa kikombe cha chai.

"Weye! Unafanya nini na ile samaki?"

"Nainywesha."

"Si imekufa!"

"Najua imekufa, mama. Ndiyo maana ina kiu."

Mama alicheka mpaka akashikilia meza ya cherehani. Alikuwa na kicheko kinachoanza kimya, mabega kwanza, halafu sauti inafuata baadaye ikiwa imechelewa. Alikuwa fundi wa nguo, anashonea nusu ya jengo letu, magauni ya kanisani na sare za shule. Hata kitabu changu alikitazama kifundi. Kulikuwa na picha ya mwanamke amebeba mtoto mgongoni ndani ya koti lake mwenyewe, koti limeshonwa na mfuko wa mtoto chini ya kofia. Mama akaisogeza kwenye taa. "Huyu fundi anajua kazi," akasema. "Tazama alivyoliachia bega, mtoto anaweza kuzungushwa mbele anyonye bila kutoka kwenye baridi." Nilijivuna kama mimi ndiye niliyeshona.

Ile simu ilikuja wakati mama ana mimba ya miezi saba. Ilitoka Uvira, kwetu Kongo. Mama yake, Bibi Namwezi, alikuwa amekufa, na kwa kuwa mtandao ulisumbua siku mbili, tulipopata habari alikuwa ameshazikwa. Hata kama tungejua mapema, karatasi zetu za ukimbizi hazikuturuhusu kurudi nyumbani kisha tukarudi tena huku. Mama aliketi kwenye stuli ya cherehani. Nilimsubiri alie. Hakulia. Aliweka mkono tumboni akasema, "Sawa. Mungu amemchukua, lakini ameshanitengenezea pa kumweka."

Nieleze kidogo hapo. Katika ukoo wetu aliyekufa hurudi kwa jina. Binti wa kwanza anabeba jina la mama wa baba, ndiyo maana mimi ni Nabintu. Binti wa pili anabeba la mama wa mama. Basi lile tumbo tukaanza kuliita Namwezi. Mama analisalimia asubuhi, baba akitoka kazini analiuliza hali. Hata mimi nilikuwa naligongea kama mlango.

Akazaliwa mvulana.

Alizaliwa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe ulikuwa mbaya, na daktari akamwambia mama kwamba huyo ndiye wa mwisho. Mama akarudi nyumbani na mtoto mzima, mnene, mwenye nywele mpaka masikioni, na midomo yake mwenyewe imefungwa. Sisemi hakumtunza. Alimnyonyesha, alimwosha, alimfunika. Lakini hakumwita kitu. Alikuwa "huyu." "Nishikie huyu." "Huyu amelala." Alipomnyonyesha alitazama dirishani. Cherehani ilifunikwa kitambaa, na kile kicheko cha mabega sikukiona tena. Nilimwogopa mama, nasema kweli. Nilikuwa namkalia karibu nikijifanya nasoma, kumbe nahesabu mara ngapi atamtazama mtoto usoni. Kuna siku nzima ilipita bila hata mara moja.

Na mtoto naye alilia! Mungu wangu, alivyolia. Majirani walileta dawa ya tumbo, wamama wa kanisa walileta maombi, na kijana wa ghorofa ya kumi alileta redio yake akasema labda muziki. Aliyekuwa na jibu la uhakika ni Shangazi Riziki. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mkaa upande wa pili wa pazia katika fleti yetu, msusi pale pembeni ya bustani, na mtu ambaye hajawahi kusema "sijui."

"Analilia jina," akasema shangazi. "Mtoto akilia hivi anataka jina lake. Muite Lwaboshi muone."

Lwaboshi alikuwa baba yao, babu yangu. Kwa desturi mvulana wa kwanza hubeba jina la baba wa baba, kwa hiyo ilikuwa haki yake. Wakamwita Lwaboshi. Akalia mpaka akawa zambarau. Shangazi akasema hiyo ni furaha.

Ijumaa ya wiki ile baba alitakiwa kupeleka fomu ya kumwandikisha mtoto, kabla siku thelathini hazijaisha. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya jina, na nafasi hiyo ilinitia hofu kuliko mtihani. Nilijua, kwa ile akili ya watoto isiyoelezeka, kwamba wakishaandika Lwaboshi, Bibi Namwezi atabaki nje na mama atatazama dirisha maisha yake yote. Kwa hiyo Jumapili ya kabla yake nikasimama mbele yao nikasema kwamba mimi nitakuwa Namwezi, na jina langu wanaweza kulirudisha.

Shangazi akaruka. "Turudishe wapi? Jina ni blauzi? Nabintu ni mama yetu, naye pia amekufa, unataka kumfukuza alale nje?" Nikaanza kulia. Mama alinivuta nikakaa miguuni pake, akanishika kichwa.

Siku hiyohiyo nilikifungua kitabu changu sehemu ambayo nilikuwa nairuka, kwa sababu haikuwa na picha. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kilisema kwamba kwa watu wale, mtu akifa jina lake linangoja. Akizaliwa mtoto anapewa jina lile, na pamoja na jina anakuja kitu cha yule aliyekufa, kimerudi kwa watu wake. Kwa hiyo ndugu wanamwita mtoto kama walivyomwita marehemu. Mwanamke anaweza kumwita mwanawe mchanga "mama." Na watoto wao hawagombezwi ovyo, maana nani atamgombeza bibi yake? Hata kilio kilikuwamo, mtoto anayelia sana huenda anatafuta jina lake. Nilisisimka mwili mzima. Shangazi Riziki na Waeskimo walikuwa wanakubaliana, na hawajawahi hata kuonana!

Lakini kitabu hakikusema jambo moja, nalo ndilo nililolitaka. Hakikusema kama mvulana anaweza kubeba jina la mwanamke. Nikafikiri nimuulize nani, na jibu lilikuwa rahisi kabisa. Si baba anashinda nao kila siku? Nikachana karatasi katikati ya daftari la hesabu nikaandika kwa Kiingereza, nikijua Kiswahili hawakisomi. Baba aliitunza barua hiyo, na kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Waeskimo wapendwa. Jambo. Mimi ni Nabintu, mtoto wa Baba mnayefanya naye kazi. Bibi yangu amekufa Uvira. Tumepata mtoto lakini ni mvulana, na jina la bibi ni la kike. Je, kwenu mvulana anaweza kumbeba bibi? Tafadhali jibuni kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna fomu. Mama haongei na mtoto. Asanteni kwa samaki."

Nilimpa baba Jumatatu asubuhi akiwa anavaa viatu. Aliisoma akiwa ameinama, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Nilimsubiri acheke, aseme mojawapo ya maneno yake. Alifika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa jaketi, ule wenye zipu.

"Nitawapa," akasema tu, akatoka.

Jumatatu jioni hakukuwa na jibu. Jumanne akasema wamekaa kikao. Jumatano akasema kikao ni kirefu, kuna wazee wanatoka mbali, wanasubiriwa pamoja na mbwa wao. Nikamuuliza kama aliwaeleza kuhusu Ijumaa. Akasema amewaeleza. Alikula kidogo jioni ile, na niliona anamtazama mama kwa muda mrefu, mama akiwa amempa mgongo.

Alhamisi alirudi mapema, mchana. Shangazi alikuwa amekuja kula. Mama alikuwa amekaa kitandani, mtoto analia mapajani pake kama kawaida. Baba hakuvua hata jaketi. Akatoa ile karatasi, akaifungua, nikaona nyuma yake kuna maandishi ya penseli.

"Wamejibu," akasema.

"Akina nani?" shangazi akauliza.

"Waeskimo."

"Kaka, umeganda ubongo?"

"Ngoja nisome, dada." Akakohoa. Sauti yake haikuwa ile ya mizaha. "Wanasema: Nabintu, tumepata barua yako. Kwetu jina halina suruali wala sketi. Jina ni mtu. Mtu akitoka safari ndefu akafika mlangoni, humwambii arudi kwa kuwa kitanda ulichotandika si chake. Anaingia, analala popote palipo na nafasi. Mvulana anaweza kumbeba bibi yake, wala hatapungua kitu. Na mama yake amwite vile alivyozoea."

Akaishusha karatasi. Mtoto alikuwa anaendelea na kazi yake ya kulia.

"Haiwezekani," shangazi akasema. "Huyu ni mvulana. Jina la baba yetu ndilo linamngoja. Uvira watatucheka."

"Wacheke, meno ni yao."

"Na baba je? Juu ya nini umuache baba nje?"

Baba akaketi. Nilimwona anavua glavu, kidole kimoja kimoja. Alimpenda sana baba yake. Picha pekee aliyotoka nayo Uvira ilikuwa ya babu, ndogo ya kitambulisho, na sasa alikuwa anaambiwa amemwacha nje. Macho yalimlowa, sikuwa nimewahi kuyaona hivyo.

"Dada," akasema, "wajukuu wa baba wako kumi na mmoja. Watatu wanaitwa Lwaboshi. Ukiita pale uani wanageuka wote. Lakini Mama Namwezi alizaa binti mmoja tu, huyu hapa, na huyu binti ameshafunga kizazi. Asipoingia leo, ataingilia wapi?"

Shangazi Riziki alifungua mdomo. Nasema hivi kwa sababu ni jambo la kihistoria: alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akatoa leso kifuani, akapenga kamasi kwa nguvu, akasema kwamba kama ni hivyo basi wamwandike vizuri, wasikosee herufi, watu wa ofisi wana tabia ya kukosea majina yetu. Akachukua sahani yake akaenda kulia chakula upande wake wa pazia.

Mtaniuliza niligundua lini ukweli. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja baba alinipeleka kazini siku ya mwisho wa mwaka, mlango mzito ukafunguliwa, nikakuta Wamalawi wawili na Mkongo mmoja wa Kalemie, wote na majaketi ya manyoya, wanakula mkate. Nilinuna wiki nzima. Na nilipokua, nikiwa chuoni, nilitafuta maandishi ya kweli juu ya watu wale, nikasoma kwamba ndivyo ilivyo hasa. Majina yao ya jadi hayagawanywi ya kiume na ya kike. Mvulana huweza kubeba jina la bibi yake, na ukoo mzima unamheshimu hivyo. Nilimpigia baba simu palepale maktaba. "Baba, ile barua uliijibu mwenyewe. Ulijuaje?" "Sikujua," akasema. "Nilikaa siku tatu kwenye baridi nafikiria mtu mwenye adabu angejibu nini." Halafu akacheka. "Kwani walinisaliti?"

Lakini siku ile ya Alhamisi nilikuwa na miaka minane, na kwangu mimi jibu lilikuwa limetoka mahali pake. Niligeuka nimtazame mama. Alikuwa amemnyanyua mtoto, amemshika kwapani kwa mikono miwili, uso kwa uso. Alimtazama paji la uso, masikio, zile nywele zilizozidi. Alimtazama kama mtu aliye stendi anayetafuta uso anaoujua kati ya abiria wanaoshuka. Mtoto alikuwa bado analia, miguu inaning'inia.

"Mama," akamwambia.

Sikuwahi kusikia sauti ile kwa mama yangu. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike.

"Mama, karibu. Umetembea sana." Akavuta pumzi ikamkatikia katikati. "Mama, unisamehe. Sikukuja kukuzika. Nilitaka kuja, mama, haki ya Mungu nilitaka, walininyima njia. Hata udongo sikukutupia. Nisamehe. Umekula? Njoo nikupe ule."

Akamkumbatia, na ndipo ikamtoka, ile iliyokaa tangu siku ya simu. Alilia kwa sauti mpaka yule mtoto akashtuka, akanyamaza kumsikiliza.

Nikaogopa. Nilidhani nimeharibu kitu. Nikamkimbilia baba nikamvuta jaketi. "Baba, mama analia. Mwambie anyamaze."

Baba akanishika mkono, akanikalisha kwenye goti lake lenye baridi.

"Mwache," akasema. "Hajaonana na mama yake tangu tuondoke Uvira."